Ruthu Hakuwa Akiongea na Mumewe

Mpendwa Shosho Njambi, bibi mshauri wetu, naomba unisaidie kabla mwezi haujaisha, na tafadhali usinigombeze sana kwa maana hapa nyumbani nimeshagombezwa vya kutosha.

Mimi ni Shiku, nakaa Mbotela na mume wangu Walter pamoja na mama yake, Mama Apondi, kwenye nyumba ya kaunsili ambayo mama ameishi tangu alipoletwa akiwa bibi harusi, na mchana niko sokoni Kariokor, nina kibanda cha kushona shanga kwenye viatu vya ngozi, kazi niliyoianza na meza moja na sasa tuko watatu, mimi na Mumina na fundi anaitwa Wekulo. Sasa wakati wa harusi yetu, miaka saba iliyopita, pasta alitwambia kila mmoja achague neno la kumwambia mwenzake mbele ya kanisa, nami sikusumbuka kutafuta kwa sababu wiki hiyo Mama Apondi alikuwa amenipa mkononi kitambaa alichokishona mwenyewe kwa uzi mwekundu, kimeandikwa "Wewe uendako nitakwenda, na wewe ukaapo nitakaa, watu wako watakuwa watu wangu," nikaona hilo ndilo, maana mimi ni Mkikuyu na wao ni Wajaluo na kulikuwa na shangazi zake wawili waliokuwa wakinong'ona juu yangu, basi niliposema watu wako watakuwa watu wangu wakanyamaza, mmoja hata akalia.

Walter akakitundika kitambaa juu ya televisheni na hapo ndipo kimekaa mpaka leo. Juzi amepata kazi ya kutunza stoo kwa mkandarasi wa barabara kule Lodwar, kaskazini kabisa, na ameshapanga kila kitu, kwamba mimi nifunge kibanda, mama aende Ahero kwa dada yake Walter anayeitwa Vivian, nyumba aachiwe rafiki yake Ndirangu, na mimi nimfuate. Nikimwambia wacha nifikirie, ananyoosha rimoti kwenye kile kitambaa tu, kisha anaongeza sauti ya mpira. Nilienda kwa mzee wa kanisa nikidhani atanisaidia, naye akasema kiapo ni kiapo na Mungu hadhihakiwi.

Shosho, mimi siogopi Lodwar, naogopa kumwacha huyu mama, kwa sababu ana sukari na kliniki twaenda sisi wawili kila mwezi, yeye ndiye aliyenifundisha kupika samaki mpaka nikaacha kuwaunguza, huniita nyar Okuyu, yaani binti wa Wakikuyu, akinitania, na kwa Vivian kuna watoto sita na vyumba viwili. Yeye mwenyewe hajasema lolote tangu haya yaanze, isipokuwa siku moja Walter aliponyoosha rimoti, mama akamuuliza, "Kwani Ruthu alikuwa akimwambia nani?" Walter akacheka, akasema, "Mumewe, mama, nani mwingine?" Mama akachukua kikombe chake akaenda jikoni. Sasa naomba uniambie, nikikataa nitakuwa nimevunja kiapo cha Mungu nilaaniwe, na nikienda, mama namwachia nani?

Shiku, Mbotela

SHOSHO NJAMBI WA JERICHO ANAJIBU

Shiku, nitakugombeza. Ungetaka kubembelezwa ungemwandikia mtu mwingine.

Mimi shule niliachia darasa la tatu, ng'ombe wa baba walinihitaji kuliko mwalimu. Lakini kitabu cha Ruthu ni sura nne peke yake, mimi hukimaliza maharagwe yakiwa bado jikoni. Wewe umeangalia mstari mmoja ukutani miaka saba na hujawahi kufungua ukurasa uone ulikotoka. Mama Apondi aliwauliza swali la watoto wa Sunday skuli, na nyumba nzima mkaanguka mtihani.

Haya, kaa chini. Kulikuwa na mama anaitwa Naomi, alihama kwao Bethlehemu na mumewe na wana wawili kwa sababu ya njaa, wakaenda Moabu. Mume akafa. Wana wakaoa wasichana wa huko, Orpa na Ruthu, halafu wana nao wakafa. Naomi akaamua kurudi kwao, na njiani akawaambia wale wakamwana, rudini kwa mama zenu. Akawaambia tena. Akawaambia tena. Orpa akalia, akambusu, akarudi. Ruthu akamshika mama mkwe wake asimwachie, na hapo ndipo aliposema, wewe uendako nitakwenda.

Umesikia alikuwa akimwambia nani? Mama mkwe. Mumewe alikuwa wapi? Kaburini, mstari wa tano, kabla hata safari haijaanza. Kwa hiyo Walter akitaka maneno hayo yawe yake itabidi kwanza afe, na sidhani anaipenda Lodwar kiasi hicho.

Na huyo mzee wa kanisa umsalimie. Mwambie miwani haisomi ikiwa mfukoni.

Lakini usikimbie sokoni kutangaza kwamba Shosho amekufungua ndoa. Mlipeana ahadi ya mume na mke, hiyo ipo, na wewe na Walter mtaizungumza kama watu wazima. Ninachokwambia ni kwamba mstari ule si kamba. Ruthu hakudaiwa yale maneno na mtu. Naomi alikuwa anamsukuma arudi, na yeye akayatoa kwa kupenda kwake. Neno la namna hiyo halinyooshewi rimoti. Na la kulaaniwa liondoe kichwani. Orpa aliyerudi kwao hakulaaniwa na mtu, Naomi alikuwa ameshawabariki wote wawili na kuwaombea raha.

Sasa nije kwako, maana Walter si wa kwanza kukosea. Umeniandikia karatasi nzima ukimlilia mama, ati sukari, ati watoto sita kwa Vivian. Umemuuliza anataka kukaa wapi? Hujamuuliza. Walter amempangia Ahero, wewe umempangia Mbotela, na mwenye miguu yuko jikoni na kikombe chake. Mimi nina wakamwana wanne, na hakuna kinachoniudhi kama kuhamishwa kwa midomo ya watu nikiwa nimekaa hapo hapo.

Jumapili mkitoka kanisani, usipike kwanza. Mkae wote watatu, televisheni izimwe, na Walter ndiye asome, kwa sauti, kuanzia mstari wa kwanza. Asiruke kwenye kile anachokipenda. Mwanamume hubishana na mke, hubishana na mama, lakini akisoma kwa mdomo wake mwenyewe atabishana na nani? Akimaliza, kabla hajapata maneno, mgeukie mama umuulize anataka nini. Atakachosema ndicho mtakachopanga nacho. Nyumba ile ni yake kabla haijawa ya Ndirangu.

Ukiniuliza mimi, Walter atangulie. Kazi nzuri haikataliwi, na hakuna ubaya mume kuwa Lodwar miezi kadhaa akaona kama kuna maji na mahali pa kulala, huku wewe ukiendelea na shanga zako. Baada ya hapo akikutaka huko, akuombe. Akiomba vizuri na ukataka kwenda, nenda pamoja na mama akikubali, au mbaki wote wawili, hilo mtaliamua wenyewe. Lakini kibanda usifunge kwa sababu ya kitambaa.

Nimebakisha hicho kitambaa. Fikiria kidogo, Shiku. Huyu mama anajua ni nani aliyekuwa akiambiwa na nani, ndiyo maana aliuliza. Na wiki ya harusi, akikuona binti wa kabila lingine unaingia nyumbani kwake huku shangazi wakinong'ona, alikaa akashona maneno ya mkamwana kwa mama mkwe wake. Kisha hakumpa mwanawe. Alikupa wewe, mkononi. Wewe ukayachukua ukaenda kumwambia Walter.

Alikuuliza kitu miaka saba iliyopita na bado anangoja. Kishushe kitambaa kutoka juu ya televisheni, ukakitundike juu ya kitanda chake, halafu ukae hapo kitandani umjibu.