Chambo cha Mama

Kijenge, Arusha

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mguu umepona na mtumbwi umeacha kuvuja. Sisi huku tunapumua, ila nikikuandikia kwamba hatujambo nitakuwa nimekudanganya. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu husikii, mimi nalia, wewe unajibu, "Ndiyo, ndiyo, msalimie mumeo."

Baba, mama hataki kula. Tangu nimtoe hospitali nikamlaza hapa kwangu, anaonja uji kidogo kisha anageukia ukuta. Mashavu yamezama. Daktari ameniambia wazi kwamba dawa zile hazifai kwa tumbo tupu, na asipoanza kula atarudishwa wodini awekewe mpira puani. Nimempikia mtori, nimempikia wali wa nazi, nimembembeleza kama mtoto. Siku moja akasema, "Labda kambale. Kambale wa ndoano, siyo huyo wenu wa kwenye barafu."

Nikapata pa kushika. Baba mkwe ana bwawa la kumwagilia nyanya kule Kikwe, na kambale wamo, hawavuliwi na mtu. Kwake yeye kambale ni nyoka tu mwenye masharubu. Nikanunua mshipi na ndoano Kaloleni, nikaenda. Hapo ndipo nilipojua kwamba utoto wangu wote nilichimba chambo tu. Kuchagua ulichagua wewe.

Nilianza na minyoo ya migombani, minono kweli. Wakaja perege wadogo kama kidole. Mama akaitazama sahani, akasema, "Vero, umenipikia chambo." Nilicheka, kisha nikaenda kulia jikoni. Nikajaribu utumbo wa kuku, kaa wakaumaliza wote. Ndipo nikakumbuka vile vipande vya sabuni ulivyokuwa unavitunga kwenye ndoano za kambale. Nikabeba sabuni yangu ya kuogea, yenye harufu ya waridi. Kutwa nzima hakuna aliyegusa.

Baba mkwe alikuwa ukingoni na fimbo yake. Akaniuliza, "Mama Neema, hao unawavua ama unawaogesha?"

Ningemjibu vibaya, lakini mkwe ni mkwe. Nikasema tu, "Baba, mama yangu ananifia."

Akaenda nyumbani, akarudi na kipande cha sabuni ya mche, ile ngumu ya kufulia, inayonuka mafuta. "Jaribu na hii. Ndiyo tuliyo nayo."

Aliuma, baba! Kambale mrefu kama mkono wangu. Mkwe alikimbia hadi kwenye nyanya, lakini alirudi kunishikia ndoo.

Nilimpika kama kwetu, na nyanya na ndimu. Mama aliposikia harufu aliomba aketishwe. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kumbe nimewahi kushukuru. Alichukua kichwa, akakiweka kwenye kisahani, akakifunika. "Hiki cha baba yako."

Nikamwambia, "Mama, baba yuko Ukerewe."

"Najua aliko. Tangu anioe sijagusa kambale kabla yeye hajala kichwa. Nianze leo kwa sababu niko Arusha?"

Akasubiri. Mchuzi ukapoa, ukaganda. Nilimsihi, nilipiga magoti, hata Neema alimsihi bibi yake. Akageukia ukuta.

Baba, nilikuwa nimejiandaa kukuuliza ni chambo gani nimekosea, na kama una sabuni ya zamani unitumie. Usitume kitu. Njoo wewe. Najua mtumbwi, najua mbuzi, najua unavyoiogopa baridi ya huku. Koti la mume wangu lipo. Mimi nimefika mwisho wa akili yangu. Nikimtazama alivyolala, naogopa hata kutoka kwenda dukani.

Nisalimie shangazi Perpetua, dada yako, na umwombe akuangalizie mbuzi. Nisalimie kaka Bahati, mwambie mtumbwi sasa ni wake mpaka urudi. Mume wangu na mjukuu wako Neema wanakuamkia, na baba mkwe anasema atakupokea, mradi usimlazimishe kumla nyoka wake.

Kichwa nimekihifadhi kwenye friji ya jirani. Kila asubuhi mama ananiuliza kama bado kipo, na hilo ndilo neno pekee analonisemesha. Panda basi, baba, uje ukile.

Ni mimi binti yako,
Veronika