Shikilia Pedali

Mdogo wangu,

Natumaini hujambo huko uliko. Mpwa wako kang'oka meno mawili ya mbele, na domo halimfungi. Mama bado anakulaumu kwa kuliinua gari la Baba. Anasema kulipanda ni kama kwenda kupaua nyumba.

Gari hilo ndilo linalonitoa jasho. Tangu ulivishe yale matairi makubwa, breki ni laini, ukikanyaga ni kama unakanyaga godoro. Nimebadilisha pampu, nimebadilisha mipira, wapi! Upepo umebaki ndani ya mabomba.

Mimi nalala chini kufungua nati ya kutolea upepo. Baba anakanyaga pedali, maana hataki mtu mwingine akalie kiti chake. Namwambia, "Shikilia, Baba!" Anaachia kabla sijafunga, upepo unarudi wote. Kisha anachungulia chini: "Wewe mama, nani kakuleta kwenye gari langu?"

Daktari anamtaka haraka kwa usahaulifu huu. Kwa barabara ilivyoharibika, hakuna gari jingine linaloweza kushuka mteremko ule wa kwenda hospitali. Na hili, bila breki, litatuua.

Jana alishikilia bila kutikisika mpaka nikamaliza gurudumu la kwanza. Akaita kwa furaha, "Vipi huko chini, kitinda mimba wangu?" Nikakaza sauti iwe kama yako, nikaitika, "Salama, Baba."

Leo hakudanganyika. Magurudumu matatu bado. Njoo ulale chini ya gari, nakupigia magoti.

Wewe angalau unanijua,

Dada yako