Neno Moja la Laban

Kaloleni, Nairobi
6 Machi 1979

Kwako rafiki yangu Nabiswa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kutoka kwa Waithera na watoto wetu, ambao hawajasahau ulivyokuwa ukiwabeba mabegani tulipokuwa tukikaa pamoja katika nyumba hii. Sisi tu wazima, ila mfereji wa nje unatoa maji asubuhi pekee na ugomvi wa ndoo haukomi. Natumai mguu wa shemeji umepona, shamba mmeshalitayarisha kungojea mvua, na Mama anakula vizuri.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Unaniuliza kwa nini sauti ya ndugu yako Laban haisikiki tena redioni siku za Alhamisi. Unasema Mama alikuwa akisogeza kiti karibu na redio na kumjibu "Karibu, mwanangu", na aliposikia sauti ya mtu mwingine aliuliza kama Laban amekufa nanyi mnamficha. Laban hajafa. Anakohoa kidogo, lakini yuko hapa kwangu. Mwambie Mama hivyo kabla hujaendelea kusoma.

Sasa nikueleze, maana naona huko kwenu mmeyakuza mambo kupita kiasi.

Mchezo wetu, "Kampuni ya Misumari", ni mchezo wa ofisi, na ofisi ni ya meneja. Meneja, Bwana Kifua, ni mimi. Mimi ndiye ninayefoka, ninayepoteza mafaili, ninayemficha mkaguzi ndani ya kabati. Kurasa kumi na nane kati ya ishirini ni zangu, na huzikariri nikitembea kutoka kazini Industrial Area mpaka nyumbani. Lydiah ni sekretari, naye ana maneno yake ya kutosha. Kisha kuna tarishi. Tarishi hana hata jina. Analeta chai, anagonga mlango, anasema "Hodi". Mimi nasema "Ngoja!" Anangoja. Baada ya dakika chache anasema "Hodi" tena, chai inazidi kupoa, na mchezo unakwisha bila yeye kuingia. Hiyo ndiyo kazi yote ya ndugu yako. Neno moja! Kuna kasuku katika duka moja la Eastleigh anayejua manne.

Unakumbuka uliponiomba nimpokee, mwaka wa 1976. Mtu mzima wa miaka thelathini na minne, na bado akiambiwa asogee nyuma alisogea na kuomba radhi juu yake. Nilimpeleka kwenye malango ya viwanda akasimama na wenzake mpaka soli za viatu zikaisha, asichaguliwe, kwa sababu kusukuma watu ili aonekane hakuweza. Nikamchukua kwenye mchezo abebe viti. Aliyekuwa tarishi alipohamia Nakuru, nilimwambia Bwana Nahashon, mtayarishaji wetu, ampe Laban lile neno. Nilitaka mtu asiyejua lolote, maana nani anahitaji mwigizaji hodari nyuma ya mlango?

Basi akaanza upuuzi wake. Wiki nzima anafanyia mazoezi neno moja! Namkuta jikoni anamenya viazi, anasema hodi. Hodi ya mtu aliyebeba sinia la chai ya moto. Hodi ya mtu aliyesikia ndani wanamsema. Hodi ya mtu anayekwenda kwa wakwe mara ya kwanza. Nilimwambia aache kujisumbua, hodi ni hodi. Akanijibu, kwa hizo adabu zake zinazochosha, kwamba yule tarishi kila wiki anakuja na shida mpya, na hana neno lingine la kuisemea. Nilimcheka mbele ya watoto mpaka akainama akaendelea na viazi vyake.

Kisha watu nao wakaingiwa na wazimu huo huo. Unajua sisi hurekodi mbele ya watu, katika ukumbi wa hapa Kaloleni. Zamani walicheka nikifoka. Sasa wakawa wananyamaza nikisema, masikio yote mlangoni. Sokoni Gikomba, ambako nilikuwa naitwa "Meneja" kwa heshima, mama mmoja wa mitumba alinivua koti ambalo nilikuwa nimeshalijaribu na kulipenda, akasema hauzii mtu mwenye roho kama yangu. "Huyo mzee wa watu amesimama hapo nje na chai mwaka mzima," akanifokea, "si umwachie aingie!" Nikamweleza kwamba ni mchezo tu. Akasema anajua ni mchezo, lakini koti halitoki. Watu wazima, wana watoto shuleni, wanagombana na redio! Na ungepita kati ya nyumba zetu Alhamisi jioni ungemsikia Laban akisema hodi na mlango kwa mlango watu wakiitikia karibu. Waithera pia. Mke wangu ameketi kando yangu, mimi nasema "Ngoja!" redioni, naye anasema "Karibu" huku akinikazia macho.

Oktoba iliyopita ikafika siku yenyewe. Nilikuwa na hotuba ya kurasa mbili, Bwana Kifua akiwaambia wafanyakazi kwa nini hakuna atakayekwenda likizo. Niliikariri mwezi mzima. Niko katikati, Laban akagonga ule ubao wake wa kuigizia mlango, akasema hodi. Aliisema kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayejua tayari atajibiwa nini. Ukumbi mzima ukapaza sauti, "Karibu!" Watu mia mbili, Nabiswa. Wengine walisimama. Nahashon mwenyewe, kwenye mashine yake ya kurekodi, aliitikia. Na ndugu yako alifanya nini? Hakuingia. Karatasi ilisema angoje mpaka meneja amruhusu, basi alinitazama mimi, akangoja. Hapo watu wakatoa machozi, katika mchezo wa kuchekesha! Tepu ikaisha, na hotuba yangu hakuna aliyeisikia.

Ningeweza kukuandikia kwamba baada ya hapo mchezo ulibadilishwa, tarishi akafutwa. Ndivyo nilivyomwambia Laban. Nilianza barua hii nikikusudia kukudanganya vivyo hivyo, kisha nikuombe umwite nyumbani alime, jambo liishe. Nimefika hapa nimeshindwa.

Mimi ndiye niliyemtoa. Kesho yake nilimwendea Nahashon nikamwambia Laban ni mlevi, kwamba huamka akinuka chang'aa na ile sauti yake ya kutetemeka ni pombe tu. Laban, mtu wa kanisa la Friends, ambaye hata kikombe cha uji huuliza kama kimechachuka! Nahashon aliniamini kwa kuwa tunakaa nyumba moja. Tangu hapo Laban amerudi kwenye malango ya viwanda, anapakua magunia ya saruji, na ndiyo hiyo inayomkohoza. Nilipomwambia kwamba nafasi yake imefutwa, alinishukuru kwa kuwa nilimjaribia. Jioni akirudi, mtu aliyeishi kwangu karibu miaka mitatu, bado hupiga hodi mlangoni. Watoto humjibu. Mimi hujifanya nasoma gazeti.

Ulikuwa wivu, sina jina lingine la kuupa. Nilimdharau kwa sababu alikuwa na neno moja, nikamchukia kwa sababu lilimtosha.

Wala sijamaliza. Mwezi wa Januari Lydiah alimwapia Nahashon kwamba Laban hajawahi kugusa pombe. Tena Ngui, tuliyempa nafasi hiyo, husema hodi kama mtu anayeuliza ni saa ngapi, na viti ukumbini ni vitupu. Nahashon ameandika barua tatu kumwita Laban arudi. Laban hana sanduku la posta, kwa hiyo zote alinikabidhi mimi nimpe. Sikumpa hata moja. Nahashon akiuliza, namwambia Laban yuko kwenu Kimilili kwa msiba. Barua ya tatu inasema asipofika yeye mwenyewe kabla ya tarehe thelathini na moja mwezi huu, nafasi itakuwa ya Ngui moja kwa moja. Inasema pia kwamba katika mchezo mpya walioandika, tarishi ataingia ofisini, na atapewa jina. Wamemwachia Laban alichague.

Barua hizo tatu nimezitia humu. Mpelekee wewe. Zifunge katika bahasha nyingine, uandike jina lake kwa mkono wako. Usizipitishe kwenye sanduku langu, kwa maana mimi sijiamini. Zipitishe kwa Lydiah, anwani yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii, umwambie Laban yuko hapa kwangu. Posta ni siku nne kuja huko na siku nne kurudi, na usipokawia zitamfikia kabla ya mwisho wa mwezi. Nakusihi usikawie.

Utauliza kwa nini nisimpe mkononi. Kutoka mezani hapa mpaka jikoni ni hatua sita, na ninamsikia akisonga ugali. Nimeinuka mara mbili. Mara ya kwanza nilirudi kabla sijafika. Mara ya pili nilifika mlangoni na barua mkononi, akageuka, akaniuliza nataka nini, nikasema nataka chumvi. Akanipa. Iko hapa mbele yangu, nami sina hata chakula mezani. Huyo ndiye rafiki uliyemwachia ndugu yako, Nabiswa, meneja mzima anayemwogopa tarishi.

Kesho asubuhi Laban mwenyewe ndiye atakayeipeleka bahasha hii posta, kwa kuwa hupita hapo akienda kazini, na barua zangu zote hupeleka yeye. Ataitia mfukoni, ataifikisha, na hataifungua.

Msalimie shemeji na watoto. Mama mpe mkono wangu kama utaona bado unafaa kupewa. Waithera anawasalimu, naye hajui habari hizi. Laban ameona naandika, akauliza ni kwa nani, akafurahi sana. Ameniomba nitie na salamu zake: yeye hajambo, mwambieni Mama asihangaike, na niliyomtendea hapa Nairobi ni mengi, hivyo mnishukuru kwa niaba yake. Nimeyaandika kama alivyoyasema.

Ni mimi,
Mbuthia