Kisanduku Si Zege

Jumapili, 2 Machi

Daftari jipya. Lile la zamani panya wamelisoma mpaka jalada. Hili ni la kazi maalumu — kazi ya kitaalamu!

Mpwa wangu amepiga simu leo saa tisa alasiri. Binti wa marehemu dada yangu, yule nesi wa mji wa mbali. Mara ya mwisho alipiga lini? Kabla ya mvua. Nilikuwa nafua soksi, nikaikimbilia simu na povu mpaka kwenye viwiko.

Anasema amefungiwa waifai nyumbani. Mafundi wamechomeka kisanduku, wamesema tayari mama, wamekwenda zao. Hakina hata neno la siri. Anaogopa kila mpita njia ataingia. Akaniuliza: mjomba, si wewe uliyefunga mitambo ya simu hospitali nzima peke yako?

Nikamwambia ndiyo. Hospitali mbili.

Ukweli wenyewe — nani atausoma humu? — nilikuwa mshika ngazi. Miaka sita. Fundi anapanda, mimi nashika. Lakini ngazi ikishikwa vibaya hakuna simu inayoita! Kwa hiyo si uongo mtupu.

Ingetosha kusema sijui. Mdomo ukaondoka wenyewe. Kazi hii ina hatua, mwanangu. Hatua moja kila Jumapili. Kwa nini? Kwa sababu kisanduku kipya ni kama zege. Ukishamwaga unaacha likauke, ndipo unajenga juu. Ukiharakisha, linapasuka.

Akasema haya mjomba, basi tuonane Jumapili hewani.

Jumapili! Nimeiandika na ukutani kwa chaki.

Jumanne, 4 Machi

Mficha uchi hazai. Nimekwenda kwa Mama Nyaya, fundi wa simu pale kona. Tunamwita hivyo kwa sababu shingoni ana nyaya nyingi kuliko shanga. Nikasema namuulizia rafiki yangu mmoja, mgeni wa mambo haya.

Akanitazama juu ya miwani. "Na huyo rafiki yako naye alishika waya kwa meno?"

Kumbe hadithi yangu imefika mpaka kwake! Ile ya waya nilioung'ata juu ya nguzo, nikasikia wakubwa wawili wakigombana kupitia gego langu la kulia. Mpwa wangu alipokuwa mdogo aliipenda hiyo. Nilikuwa naikata pale pa utamu — kesho! — na kesho yake yuko mlangoni kwangu hata uso hajanawa.

Amenieleza, nimeandika kama alivyosema:

Kwanza, neno la siri la kisanduku chenyewe, lile lililotoka kiwandani. Kiwanda huviwekea visanduku vyote neno lilelile, kila mtu analijua. Hilo ndilo la kuanzia! (Amenilazimisha nipige mstari. Nimepiga miwili.) Pili, neno la siri la waifai. Refu, na lisiwe tarehe ya kuzaliwa. Tatu, jina la mtandao. Lisiwe jina lako wala namba ya nyumba. Nne, kukisasisha kisanduku, kipate marekebisho mapya ya waliokitengeneza. Tano, mahali: juu, katikati ya nyumba, mbali na mabati.

Yote nusu saa, anasema.

Nusu saa!

Nimechukua kwake kisanduku cha mtumba, cha kutia laini ya simu, nijifunzie. Nimekifunga peke yangu kuanzia kwanza hadi tano. Nilikosea mara mbili tu — sawa, saba. Ndani ya ukurasa wake kuna orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Imeandika: 1. Ni simu yangu. Nikadhani ni hitilafu. Nikakizima, nikakiwasha.

1.

Jumapili, 9 Machi

Amepiga saa tisa kamili. Nilikuwa nimenyoa.

Tumeanza na ya tano. Mahali! Alikuwa amekiweka nyuma ya friji. Nikamfokea kitaalamu: friji ni ukuta wa chuma, mawimbi yatapita wapi, yatoboe? Akacheka, akakihamishia juu ya kabati la ukumbini. Papo hapo mtandao ukashika hadi jikoni. "Mjomba, wewe ni noma!" Ameniita noma. Nesi mzima.

Mwanawe wa miaka minne alikuwa anavunja kitu nyuma yake. Huyo namwita Kishindo. Akauliza kama mimi ndiye babu wa meno. Akataka hadithi. Nikampa, nikaikata pale waya unapoanza kuuchoma ulimi. Alilia! Mama yake akamwambia babu atamalizia Jumapili, kisanduku kikishakauka.

Dakika arobaini na moja. Baada ya hapo nyumba ilikuwa na sauti ya bomba tu.

Jumatano, 12 Machi

Stoo ya mbao ninakofanya kazi. Watu wanne wamenisemesha leo, wote kuhusu misumari. Misumari ipo.

Jumapili, 16 Machi

Hatua ya jina. Nimemwongoza mpaka ndani ya ukurasa wa kisanduku, namba kwa namba, neno la kiwandani likakubali mara moja. Mtandao kaupa jina Gego. Gego! Tumecheka mpaka nikashika mbavu.

Halafu akasema: "Mjomba, hapa chini naona nafasi ya kuweka neno la siri. Niweke kabisa?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Lilikuwa la silabi mbili. Weka.

"Usiguse! Hakijakauka."

"Haya mjomba. Wewe ndiye fundi."

Zimebaki hatua tatu. Jumapili tatu. Nikiikata ile ya kusasisha vipande viwili, nne.

Kishindo hadithi kaimalizia usingizini, hakusikia waya ulivyokatika. Nzuri. Atauliza tena.

Alhamisi, 20 Machi

Ujumbe wa sauti kutoka kwa mpwa. Ana furaha! Ameweka kamera chumbani kwa Kishindo, ya kuzungusha shingo, inatumia waifai. Sasa akiwa zamu anamwona mwanawe akicheza na dada wa kazi. Anasema yote hayo ni kwa sababu yangu. Nikamjibu safi sana mwanangu.

Halafu nikakumbuka neno la siri, chai ikapoa.

Nikaenda kona. Nikasema, yule rafiki yangu. Mama Nyaya akaweka bisibisi chini.

"Wiki tatu hana neno la siri? Na la kiwandani lipo vilevile?"

Lipo.

"Na la kamera je?"

Sijui.

Akavua miwani. Ameniambia aliyesimama nje ya dirisha anaweza kuingia kwenye kisanduku kama chumba chake, hata kumfungia nje mwenye nyumba. Na kamera ikiwa na neno la kiwandani, anamtazama mtoto. "Nani alimwambia asubiri?"

Nikasema kuna fundi fulani.

"Mwambie huyo fundi fulani ni mpumbavu."

Nimempigia mpwa mara nne. Haipokelewi, yuko zamu. Ningeweza kuandika mesaji. Nimeandika, nimefuta. Nimeandika, nimefuta. Kila nikianza na "fanya haraka", neno linalofuata ni "kwa sababu".

Ijumaa, 21 Machi

Saa saba mchana, stoo. Mesaji yake:

"Mjomba samahani zamu ilikuwa ngumu. Eti Kishindo anasema jicho la kamera limemgeukia lenyewe. Labda dada kaligusa. Tutaongea J2."

Mteja alikuwa anasubiri bawaba. Asubiri. Nikapiga — haipokelewi. Ndipo nikaandika bila kufuta: CHOMOA KISANDUKU. CHOMOA KAMERA. MWAMBIE DADA SASA HIVI. Nimetuma.

Hajajibu. Mteja aliondoka bila bawaba.

Jumamosi, 22 Machi

Saa nne asubuhi. Amepiga! Yuko nyumbani. Dada alichomoa vyote jana, Kishindo mzima. Simu iko mezani kwa sauti kubwa, daftari limefunguka kwenye ile Jumanne, naandika huku anafanya. Sichezi leo. Hakuna hadithi.

Kamera imebaki kabatini. Nimemwambia achomeke kisanduku peke yake, aingie kwenye ukurasa, asibadilishe kitu kwanza. Asome orodha.

Anasoma. Vitatu. Simu yake. Simu ya dada. "Hii ya tatu sijui ya nani, mjomba."

Badilisha, mwanangu. La kisanduku kwanza.

Anaandika. Nasikia kucha kwenye kioo.

Limekubali.

La waifai. Refu. Usinitajie hata mimi.

Limekubali. Vyote vimetupwa nje. Anaingia upya na simu yake. "Imebaki moja tu," anasema. Kama ya kwangu.

Nikamwambia asirudishe kamera mpaka nayo aibadilishie neno lake. Kusasisha, kaona kitufe mwenyewe. Kimemaliza. Kazi yote imekwisha. Nimetazama saa: dakika kumi na nane.

Nilidhani atacheka. Badala yake, taratibu, kwa sauti ya marehemu dada yangu kabisa:

"Mjomba. Hatua hii ya leo uliijua tangu lini?"

Nina majibu matatu tayari. Kitabu cha maelekezo kimenifikia jana. Aina yake ya kisanduku ni tofauti. Mtaalamu mkubwa kanipigia kutoka ng'ambo. Yote mazuri, la ng'ambo hasa. Nikimpa lolote ataliamini, au atajifanya.

Na jibu lenyewe liko hapa chini ya kalamu, kwa mwandiko wangu. Kwanza. Mistari miwili. Tarehe 4 Machi.

Nyuma yake Kishindo anauliza kama ni babu wa meno, na waya ulimchoma au haukumchoma.

"Mjomba, upo?"

Nipo, nimesema.

Hajakata. Namsikia anapumua. Anasubiri.