Stendi ya Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Imerudi! Miaka kumi na tano nachanganya sauti za watu, kwaya, matangazo, hotuba za harusi, na sijawahi kurudishiwa kazi. Leo nimerudishiwa. Mwalimu wa shule ya wasioona kapiga simu mwenyewe, kwa adabu zake zote. Ati sura ya kwanza ya kitabu cha jiografia imeelemea kushoto. Ati wanafunzi wake wakiisikiliza wanainamisha shingo. Akaniambia: sisi hatuoni, dada yangu, sauti ndiyo ukurasa wetu, tafadhali irekebishe. Kanipa mpaka Ijumaa ya tarehe 14. Ikikaa sawa, vitabu vyote arobaini nitarekodi mimi. Isipokaa sawa, atamtafuta mwingine.

Mwingine! Namjua huyo mwingine. Ni Kipaza, tuliyekuwa naye redioni, yule asiyeweza kutengeneza tangazo la sabuni bila kutia mwangwi. Sasa nani kamtilia Mwalimu maneno hayo mdomoni? Mwalimu haoni, lakini simu anapokea, na Kipaza ana simu.

Nimekaa nikasikiliza tena. Hapa kwangu kushoto hakujazidi hata kidogo. Kushoto kumepoa! Mimi ndiye niliyeisukuma juu sauti ya kushoto, makusudi, ilingane na ya kulia.

Ndipo nikaweka kikombe cha maji kwenye rafu ya vitabu, kando ya spika. Maji yakatetemeka. Ahaa! Rafu! Mbao zinacheza pamoja na spika na kunichafulia sauti. Spika ndogo kama zangu zinaitwa za rafuni, lakini rafu haziziwezi. Zinataka stendi. Nzito, isiyovuma, isiyotikisika. Nimeipiga rafu kofi. Siku zote hizi nilikuwa naiamini.

Jumatano, 5 Machi

Maduka matatu. Miguu imewaka moto.

Mimi stendi siangalii rangi. Nagonga kwa kifundo cha kidole. Ile inayojibu sana siitaki. La kwanza, mbao za kubandika: ngo, ngo, ngo, debe tupu. La pili, plastiki iliyopakwa rangi ya chuma! Nikaisukuma kwa kidole kimoja, ikayumba. Muuzaji anaapa kwa mama yake kuwa ni chuma. Pole kwa mama yake.

La tatu ndilo lililonitibua. Nimeinama nagonga, nikainuka, namkuta muuzaji amenuna. Kaniambia amenisalimu mara mbili sikuitikia, kwamba wateja wengine wana maringo. Hakunisalimu! Alikuwa amesimama mkono wangu wa kushoto, amekunja mikono. Angenisalimu ningesikia.

Maringo. Neno lile lile walilompa mama yangu. Mtaa mzima walimwita Maringo kwa kuwa alipita watu bila kuitikia salamu. Alikufa nalo. Basi, nimerithi.

Nyumbani nikamkuta mume wangu, Baba Mapacha, kibarazani na simu. Aliponiona akashusha sauti, midomo tu inacheza. Nimemuuliza ni nani. Kasema ni kaka yake. Kaka yake ana siri gani na mume wangu? Halafu ananigeuzia kibao: mbona unanong'ona siku hizi, Mama Mapacha, ongea nikusikie! Mimi ninanong'ona? Mimi nasikia sauti yangu mpaka kwenye fuvu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempata fundi wa kuchomelea, nyuma ya gereji. Watu wanamwita Cheche. Mwembamba, shati lina matundu ya moto kila mahali. Nimemchorea: bomba la chuma la mraba, nene, urefu unaofikisha spika usawa wa masikio yangu nikiwa nimekaa. Bamba zito chini, bamba dogo lenye tundu juu. Ndani wazi, nijaze mchanga. Amesikiliza vizuri. Mno. Mtu anayekubali kila kitu ananitia wasiwasi.

Kanionyesha bomba. Nimeligonga, nimelipima unene kwa kidole, zuri. Akalikata vipande viwili mbele yangu, lakini nani anajua atachomelea lipi nikishaondoka? Nikatoa rangi ya kucha kwenye mkoba nikatia alama nyekundu ndani ya kila ncha. Cheche amecheka mpaka akakaa chini. Dada, hata mahari hayalindwi hivi!

Acheke. Alama nimeweka.

Jumamosi, 8 Machi

Stendi zimekuja. Alama zipo, zote nne. Nimezikagua kwa tochi. Sawa, kwenye bomba hakuniibia.

Mchanga sikumwachia. Mchanga wenye unyevu unakula chuma kwa ndani, halafu unaganda na kuacha mapengo. Nimeuosha mara tatu, nikauanika, kisha nikaukaanga kwenye karai mpaka ukawa unateleza kama sukari. Baba Mapacha kachungulia jikoni. Leo tunakula mchanga wa kukaanga? Nikamwambia wewe utakula wa kuchemsha. Tumecheka wote wawili, na kwa dakika moja nikasahau ile simu ya kibarazani.

Nimejaza, nashindilia kwa ufito, najaza tena. Nimekata ndala kuukuu vipande vinane, vinne vinne, spika zikae juu ya mpira. Nikagonga bomba. Du. Basi! Limekufa kabisa. Nimeligonga mara ishirini kwa raha tu.

Nikawasha sura ya kwanza.

Kushoto bado kumepoa.

Jumapili, 9 Machi

Nimebadilisha spika: ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Bado kushoto. Nikabadilisha nyaya. Kushoto. Nikabadilisha stendi zenyewe, mgongo nusura unikatike. Kushoto! Nikajaribu hedifoni. Za kwanza zilikufa upande wa kushoto mwaka jana. Nilizitupa, nikanunua mpya, nazo zikafa kushoto. Bidhaa za siku hizi!

Kuna kitu upande ule. Sakafu? Nimegonga vigae vyote kwa kifundo. Kimoja kina sauti ya uwazi. Fundi aliyetandika vigae hivi sikumwamini tangu siku ya kwanza.

Jumatatu, 10 Machi

Bado siku nne. Nimemwita Cheche aje aone kazi yake.

Kaja na bisibisi ndefu. Kasema gerejini wanavyotafuta beringi mbovu ndani ya injini, wanaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio. Mtetemo wote unapanda. Kama stendi inavuma, itajisema yenyewe. Nikawasha sura ya kwanza, akaweka, akafumba macho. Kimya, dada, hii imelala.

Nikamnyang'anya. Nikaweka mpini nyuma ya sikio la kushoto.

Mama yangu! Ile sauti ya msomaji ikaingia kichwani, ndogo lakini safi, neno kwa neno. Mito, mabonde, miinuko. Nikaondoa bisibisi, ikafifia. Nikarudisha, ikarudi. Inavuja! Sauti inashuka kwenye chuma badala ya kuja hewani! Nikajaribu stendi ya kulia, nimeshika mpini nyuma ya sikio la kulia kabisa, na bado naisikia upande wa kushoto. Ile stendi ya kushoto inaiba hata sauti ya mwenzake!

Cheche kasikiliza tena. Kasema hakuna kitu. Nikamwambia miaka ya kugonga vyuma imemuua masikio. Hapo akanuna. Kachukua bisibisi yake, kaifuta kwa shati. Dada, mimi nasikia nati ikilegea ndani ya lori linalopita barabarani, muulize mtu yeyote gerejini. Akaondoka bila kuaga. Au labda aliaga.

Jumanne, 11 Machi

Nimemweka Baba Mapacha awe mwamuzi. Nimempa bisibisi ya nyumbani. Kasikiliza nyuma ya sikio la kulia, la kushoto, kanitazama. Hamna kitu, Mama Mapacha. Kimya kama kabati.

Sasa wote wawili hawasikii, mimi peke yangu nasikia? Haiwezekani. Ama wameambiana. Na kweli! Jioni nimechungulia dirishani, nawaona getini: Baba Mapacha na Cheche, vichwa karibu karibu. Nikatoka. Wakanyamaza. Cheche kaangalia viatu vyake. Mume wangu kasema walikuwa wanaongelea mpira. Cheche mpira haujui!

Wanataka nini? Nishindwe Ijumaa? Niache kazi, nikae nyumbani? Nimemwambia hivyo hivyo, usoni. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Kauliza taratibu tu: kwa nini siku hizi ukiongea na mimi unageuza kichwa, kama kuku anayetazama punje? Na kwa nini asubuhi nimekuita mara tatu, umbali wa hatua mbili, unaosha vyombo, hukugeuka?

Hakuniita. Nimemwambia hakuniita. Kama alikuwa ananijaribu, basi ameshajipa majibu yake.

Jumatano, 12 Machi

Sijazungumza na mtu leo. Kazi haijasogea. Nimesukuma kushoto juu, nimeshusha, nimesukuma tena. Nikisikiliza napenda juu. Mwalimu anataka chini. Sijui nani muongo.

Alhamisi, 13 Machi

Kesho saa nane mchana natakiwa kwa Mwalimu.

Leo niliamua kuikamata stendi bila msomaji, bila Cheche, bila mtu. Nilichukua ile saa ya mezani ya mama, ya kutia ufunguo, nikaiweka juu ya bamba la stendi ya kushoto. Nilijiambia, kama chuma hiki kinavuma, kitapitisha mlio wake, ka-ka-ka, mpaka chini. Bisibisi kwenye bomba, mpini kwenye mfupa wa kushoto, pale pale palipovuja Jumatatu. Kimya. Nikashuka kidogo. Kimya. Nikafika kwenye bamba la sakafuni. Kimya kabisa! Mchanga umemeza kila kitu. Stendi haina kosa. Cheche wa watu, na maneno niliyomwambia!

Nikainua saa, nikaileta sikio la kushoto, kuhakikisha inatembea. Haitembei. Nikadhani imeishiwa ufunguo. Nikaitikisa. Bado. Nikaishika vizuri niikaze, mgongo wake ukagusa mfupa nyuma ya sikio.

Ka-ka-ka-ka.

Nikaiondoa. Hakuna. Nikaigusisha. Ka-ka-ka. Nikaiweka mbele ya sikio, karibu kabisa, bati linagusa nywele. Hakuna. Mshale wa sekunde nauona unakwenda. Nikahamia kulia. Ipo, hewani, waziwazi, kama saa ya mtu yeyote.

Nimefanya hivyo mara ngapi sijui.

Rafu haikuwa na kosa. Stendi haikuiba sauti; mfupa wangu ndio uliopokea mtetemo mdogo, ambao kwa wenye masikio mazima umefunikwa na sauti ya hewani. Hedifoni, zote mbili, nzima. Yule muuzaji alinisalimu. Baba Mapacha aliniita mara tatu. Na Mwalimu, ambaye nilidhani katiliwa maneno na Kipaza, alisikia sawasawa nilichofanya: nimekuwa nikiwapigia kelele watoto wasioona kwenye sikio la kushoto, kwa sababu langu halisikii.

Na mama. Sasa ndiyo nakumbuka. Alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda mchana, saa hii hii ameibana nyuma ya sikio, macho yamefumba. Sisi watoto tulicheka. Tulidhani anaumwa kichwa na bati linampoza. Mama hakuwa na maringo. Mama alikuwa hasikii! Na hakuna aliyemuuliza, hata mimi, ninayejisifu kwa masikio. Nimelia. Nimelia kwa sauti, na hata hiyo sauti naisikia kwa mfupa.

Nimeosha uso.

Najiuliza nani ajue. Mwalimu akijua, atampa kazi mtu ambaye masikio yake yako mawili? Ningekuwa yeye, ningempa. Cheche je? Ameshajua, pale getini walikuwa wakiniongelea mimi, si mpira, na sasa hata sijui kama nikasirike. Daktari? Atasema nini, na akisema ni la kudumu?

Baba Mapacha kasimama mlangoni. Upande wa kushoto. Midomo inacheza. Wiki moja iliyopita ningesema anashusha sauti ili nisisikie. Nimemwambia: zunguka, njoo huku kulia. Kazunguka bila kuuliza. Kauliza tu alipofika: imekaa sawa?

Nimemwambia akae kwenye kiti changu, katikati ya stendi mbili, asitikisike. Nimemwambia: nitazungusha kitufe cha kushoto, nakishusha polepole. Msomaji akihamia katikati kabisa, kati ya macho yako, sema hapo. Usinihurumie. Usiseme kwa kunifurahisha.

Sura ya kwanza inasoma. Mito, mabonde. Kalamu iko mkono wa kulia, wa kushoto uko kwenye kitufe. Nashusha. Kwangu upande ule unazidi kuzama, kila kitu masikioni mwangu kinaniambia niupandishe, na mimi nashusha. Namtazama usoni. Kafumba macho. Miaka kumi na minane ya ndoa, sijawahi kumtazama hivi, natafuta uongo kwenye kope zake.

Kainua kidole. Kasema hapo.

Nimeacha kuzungusha. Kwangu kushoto karibu hakuna kitu. Nimemuuliza, una hakika? Kasema hapo hapo, Mama Mapacha, yuko katikati, anasoma kama yuko mbele yangu.

Sasa mkono bado uko kwenye kitufe, na unataka kupandisha kidogo, kidogo tu —