Binti Yangu Anaiombea Mashine Ambayo Haijaharibika

Mpendwa Shangazi Wilma,

Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia. Binti yangu Maren ninamsomesha nyumbani tangu ana miaka sita, sasa ana kumi na miwili, kusoma nimemfundisha mimi, hesabu mimi, nyota na wadudu mimi, hapo hapo mezani tunapokula chakula, na kila Jumanne asubuhi tunakwenda maktaba ya mji kwa sababu huku mashambani Wisconsin, Marekani, mtandao wetu ni wa kusuasua, na kule sisi tunaosomesha watoto nyumbani wanatupa kila kitu bure, kompyuta, masanduku ya vifaa vya umeme ya kuazima, hata ile mashine inayochapa vitu vya plastiki ukavishika mkononi, na nilikuwa nashukuru kweli mpaka Maren alipoanza kutengeneza mlango wa banda la kuku, unaofunguka wenyewe jua likichomoza.

Siku moja gurudumu lake dogo lenye meno, alilolichapa kwa ile mashine, likawa linakwama, nikamwambia ngoja nifikirie, naye akanipapasa bega akasema, "Usijichoshe, Mama, nitamuuliza Bi Lorraine." Bi Lorraine ndiye mkutubi wetu. Hakusema kwa ubaya, Shangazi, ndiyo maana iliniuma zaidi, na Jumanne iliyofuata nikamwambia mashine imeharibika tusiende, na iliyofuata nikasema vile vile.

Sasa kila jioni tukishikana mikono mezani Maren anaomba, "Bwana, iponye mashine ya maktaba, na umtie moyo Bi Lorraine," na mume wangu Gordon anaitikia amina kwa sauti nzito, na mimi nabaki kuvitazama viazi sahanini. Maonyesho ya wilaya yamekaribia, alitaka kuupeleka mlango huo, na haujakamilika. Nimewaza nimwambie tu kwamba imetengenezwa, amshukuru Mungu wake, afurahi, yaishe. Je, nitakosea?

Mama Maren

*

Mama Maren,

Ndiyo, utakosea, tena vibaya. Njia ya mwongo ni fupi, na mji wenu ni mdogo. Siku Bi Lorraine atakapomwambia kwamba ile mashine haijawahi kuugua hata mafua, mwanao hatajiuliza habari za mashine. Atajiuliza ni sala zake ngapi zilijibiwa na Mungu, na ngapi zilijibiwa na mama yake.

Pole, lakini. Najua kilichokuchoma. Miaka yote hiyo wewe ndiye ulikuwa jibu la kila swali, halafu ghafla unapapaswa bega kama bibi kizee. Ningelia na mimi. Ila hebu niambie, ulikuwa unamsomesha ili iweje? Watoto wangapi unawajua wanaoweza kumwendea mtu mzima asiye mama yao wakamwambia, "Hiki kimenishinda, nisaidie"? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu umemlea asiogope kuuliza. Unaionea wivu kazi ya mikono yako mwenyewe.

Sasa sikiliza. Leo, kabla ya chakula, kabla hajafumba macho kuomba, mchukue mkakae bandani kwa kuku. Mwambie mashine ni nzima, na aliyedanganya ni wewe. Usimsingizie Bi Lorraine, wala usilie mpaka mtoto ageuke mbembelezaji. Gordon naye aambiwe, masikini, ameitikia amina nyingi za bure. Kesho piga simu maktaba uombe nafasi za ziada kabla ya maonyesho, wamezoea, watakupa. Na ukifika usikae pembeni kusoma majarida. Vuta kiti karibu na mashine. Usichokijua, uliza, Bi Lorraine hang'ati.

Pale bandani Maren atakuuliza kwa nini ulifanya hivyo. Usimpe hotuba. Mwambie, "Niliogopa hutanihitaji tena." Kisha mwache akujibu.

Shangazi Wilma