Mkono Wangu na Sifa za Balozi

Handeni, Jumatatu

Mpaka sasa nacheka kwa hasira. Chuo kikuu wanataka barua ya kuthibitisha kwamba mkono wangu wa kulia umepooza, ndipo waniongezee muda wa mtihani. Nikamwendea Mzee Mhando, balozi wetu wa nyumba kumi. Kaandika nini? "Kijana huyu ni mzima, hodari wa jembe, wala si mnyonyaji."

"Lakini mzee, mkono..."

"Nikutangaze kilema huko Dar, mama yako atanitazamaje?"

Mwishowe kakubali kuandika nyingine, kwa sharti moja: kesho nikalime shamba la ujamaa, kamati ya kijiji inione nikishindwa.

Nikilima vizuri, mtihani ndio basi.

Mama amezisikia habari. Ameshaninolea jembe, na ameapa kwamba nikishindwa mbele ya watu, nisirudi kwake.